Nilivyootesha ekinasia kwenye magaloni ya maziwa, tena nje kwenye theluji

Jamani wale wa huku kwenye baridi mnaotaka maua yasiyosumbua, mimi niko Columbus, Ohio, na ua lililonikubali ni ekinasia, ile ya zambarau yenye petali zinazoning'inia kwa chini na katikati kuna donge la miiba rangi ya chungwa. Ni ua pori la hukuhuku, ukoo mmoja na alizeti, na ukishalipanda unalo miaka, juu linakauka wakati wa baridi ila mizizi iko hai.

Kazi iko kwenye mbegu. Kwa asili zinadondoka vuli, zinalala kwenye baridi na unyevu miezi kadhaa ndo zinaamka vizuri, sasa wengine wanazichanganya na mchanga mbichi wanaweka kwenye friji, mimi friji yangu imejaa mchicha na dagaa, nikaona theluji ipo ya bure.

Nikakusanya yale magaloni ya plastiki ya maziwa, nikayaosha, nikayakata kuzunguka katikati ila nikaacha kipande pale chini ya mkono ili yafunguke kama sanduku, alafu kwenye kitako nikatoboa matundu kwa bisibisi ya moto. Ndani nikaweka udongo wa kuoteshea kama sentimita 10, nikaulowesha mpaka maji yakatoka chini, mbegu juu na udongo kidogo sana wa kuzifunika, nikazungushia tepu, kile kifuniko cha juu nikatupa ili mvua na theluji ziingie. Mwisho wa Desemba nikayapanga nyuma ya nyumba. Mume wangu hoi kwa kicheko, "Mama Zawadi, sasa unalima makopo kwenye barafu?"

Aprili miche hiyoo imechomoza. Mei nikahamishia chini, nafasi kama sentimita 45, sehemu inayopigwa jua muda mrefu. Udongo wetu ni mfinyanzi na sikuweka mbolea yoyote, maana likishiba sana linarefuka alafu linalala chini. Adui ni sungura, wanafyeka miche michanga usiku, bila wavu wa kuku ningebaki na vijiti. Mwaka wa kwanza nilipata majani tu, maua yakaja wa pili, kuanzia mwisho wa Juni mpaka Agosti, nyuki wamejaa.

Ukiona ua linatoka kijani limejikunja na vijani vinaota katikati ya donge, ng'oa mmea mzima utupe, ni ugonjwa unaosambazwa na vidudu vinavyofyonza majani na hauna dawa. Na wale mnaoniuliza chai yake ya mafua, mimi nimepanda kwa ajili ya maua, tafiti zenyewe hazijakubaliana.

Mbegu nachuma donge likishakuwa jeusi kabisa, nikiwa na glovu kwa sababu linachoma kweli. Ukilisugua vinatoka vitu vingi, ile miiba ni makapi, mbegu yenyewe ni fupi, nyeupe iliyofifia, ina pembe. Nachukua vichwa vichache tu, vingine naviacha vimesimama, vile vindege vya njano vinakuja kujilia. Yale mahuluti ya dukani yenye petali zilizorundikana sihangaiki na mbegu zake, kinachoota hakifanani na mama.