Sega lisilo na asali

Jumapili, Tabora

Leo baba mdogo ametoka ndani hadi chini ya mwembe, akakaa, akaninyooshea kiganja nisubiri. Pumzi kwanza, salamu baadaye. Hazifiki hata hatua arobaini. Na huyu ndiye aliyekuwa akipanda miti mirefu ya Sikonge usiku, kamba begani, kurina asali!

Miaka miwili tulisema ni uzee. Kikohozi kikavu, hakina makohozi wala damu. Homa hana. Kilima kidogo tu kinamsimamisha. Makohozi machache aliyojikamua yalipimwa mara mbili, kifua kikuu hakikuonekana, akapewa dawa zake hata hivyo. Miezi sita ikaisha, kikohozi kikabaki. Hapo bado nina kinyongo kidogo.

Daktari wa Mwanza alianza na vidole. Ncha zimevimba kama virungu, kucha zimebinuka. Sisi tulidhani ni mikono ya kazi. Kisha akasikiliza mgongoni, chini kabisa, akasema anasikia mchakacho kama wa kubandua vile viatu vya watoto vya kunata. Picha ya CT ikamaliza ubishi: mapafu yameota makovu. Kuta za vifuko vya hewa zimekuwa nene na ngumu, oksijeni inapata tabu kupenya kwenda kwenye damu.

"Huku chini, mzee, pamekuwa kama sega la nyuki."

"Lina asali?" baba mdogo akauliza. Tulicheka wote, naye akacheka mpaka akakohoa vibaya.

Maswali ya kutafuta chanzo yakafuata. Amewahi kuponda mawe ya dhahabu? Anafuga njiwa? Amewahi kunywa amiodarone, ile dawa ya mapigo ya moyo? Amepigwa mionzi kifuani? Viungo vinakakamaa asubuhi? Hapana, hapana, hapana. Sigara? Hapo akaangalia dirishani. Ya kusokota, miaka mingi, ameiacha.

Shangazi anashikilia kuwa ni moshi wa kufukizia nyuki. Mimi nilitaka iwe mabani, vile vibanda vya kukaushia tumbaku, nadhani kwa sababu siyapendi. Daktari hakutupa mshitakiwa. Sigara huongeza hatari, alisema, lakini kuna aina ya ugonjwa huu, hasa kwa waliovuka miaka 60, ambayo chanzo chake hakijulikani, na ya mzee inafanana na hiyo. Zipo dawa, pirfenidone na nintedanib, zinazopunguza kasi ya makovu mapya. La zamani halifutiki. Bei yake tuiache kwa leo.

Jioni aliniagiza kipande cha sega kutoka stoo. Akakiinua kwenye mwanga, akachungulia vitundu, kisha akakibonyeza kwa kidole gumba.

"Hili linabonyea, mwanangu," akasema, akampa mjukuu atafune.