Walimu Saba na Mtoto Asiyesikia Filimbi

Mwaka 2024, katika darasa la tatu la shule ya msingi ninayofundisha pembezoni mwa Dar es Salaam, alikuwapo mtoto wa kiume ambaye walimu saba tulimfundisha kwa takribani miezi mitano pasipo hata mmoja wetu kumjua. Sisemi kwamba hatukumwona. Mwalimu wa michezo alikuwa amegundua kwamba filimbi ikilia, mtoto huyo hakimbii mpaka awaone wenzake wamekimbia. Mwalimu wa Hisabati alimhesabu kuwa mkaidi, kwa sababu akiulizwa swali la papo kwa papo hukaa kimya, ilhali hesabu iliyoandikwa ubaoni huimaliza mapema kuliko wengi. Mimi ninayefundisha Kiswahili nilikuwa nimeona kwamba imla inamshinda kabisa, nikamwandikia daftarini, kwa wino mwekundu ambao leo unanifedhehesha, kwamba aongeze umakini. Mama anayeuza mihogo langoni alikuwa anajua kuliko sisi sote. Alituambia baadaye kwamba kila anapomtajia chenji, mtoto yule humgeuzia sikio la kulia.

Vipande vyote hivyo vya habari vilikuwapo shuleni tangu Januari, lakini hapakuwa na mahali vilipokutana. Shule yetu, kama shule nyingi za jiji hili, inaendeshwa kwa awamu mbili, wapo wanafunzi wa asubuhi na wapo wa mchana, na walimu wa awamu hizo hupishana mlangoni kama abiria wa daladala, mmoja akishuka mwingine akipanda. Kikao cha walimu tulikuwa nacho, tena kila mwezi, ila kilikuwa kikao cha kupokea matangazo: takwimu zinatakiwa halmashauri kabla ya Ijumaa, maandalio ya masomo yakaguliwe, mchango wa msiba wa mwenzetu ukabidhiwe kwa mweka hazina. Aliyeinua mkono kumzungumzia mtoto mmoja kati ya watoto zaidi ya elfu mbili alionekana anawachelewesha wenzake kuwahi usafiri.

Mtu wa nje anaweza kudhani kwamba tatizo lilikuwa mwalimu mkuu kujilimbikizia kazi. Sivyo. Ukutani mwa ofisi ya walimu imebandikwa orodha ndefu ya majukumu, na karibu kila mmoja wetu ana lake: yupo mwalimu wa taaluma, wa nidhamu, wa afya na mazingira, wa michezo, wa malezi na unasihi, wa stoo ya vitabu, na wa zamu anayebadilika kila wiki. Kazi ziligawanywa zamani. Kisichogawanywa ni uamuzi. Mwalimu wa afya aliweza kuandika kwamba mtoto anaumwa sikio, lakini hakuweza kumwita mzazi pasipo barua yenye saini na muhuri. Mwalimu wa taaluma aliweza kupanga ratiba, lakini kipindi cha kuwasaidia wasiojua kusoma hakikuweza kusogezwa kutoka saa nane hadi saa tano mpaka Mkuu akubali. Na mwalimu wa stoo, nayasema haya kwa sababu nilikuwa mimi, hakuwa na ufunguo wa stoo. Ufunguo ulikaa kwenye mkoba wa mwalimu mkuu, na alipoitwa halmashauri kwa kikao cha siku mbili, watoto wa darasa la nne walisoma hadithi kutoka ubaoni, nikiiandika aya baada ya aya kwa kumbukumbu, huku vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vikiwa nyuma ya mlango, hatua kumi kutoka niliposimama.

Kutumwa si sawa na kukabidhiwa. Aliyetumwa hurudi kuuliza afanye nini baada ya hapo. Aliyekabidhiwa hurudi kutoa hesabu ya alichokifanya. Walimu tulikuwa watu wa kutumwa, na nakiri kwamba wengine tulipapenda pale, maana anayetumwa halaumiwi.

Mkuu wetu naye simtupii lawama. Yeye peke yake hupokea posho ya madaraka, shilingi 200,000 kwa mwezi, na yeye peke yake huandikiwa barua ya kujieleza matokeo ya darasa la saba yanaposhuka. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipofuta ada na michango ya lazima, na elimu bila malipo ikaanza Januari 2016, watoto waliokuwa wamekaa nyumbani walimiminika shuleni, jambo ambalo lilikuwa heri, lakini ruzuku ya uendeshaji kwa shule za msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo shilingi 4,000 ni za vitabu, nazo hazifiki shuleni kama fedha. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na anayetaka kujua jiji linatanukia wapi asimame kwenye lango la shule yoyote ya Mbagala, Majohe au Chanika siku za kuandikisha darasa la kwanza. Kipimo cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa. Rejesta yangu ina majina 118. Mtu aliyebebeshwa hayo yote kwa saini yake moja ana sababu ya kuushika ufunguo kwa mikono miwili.

Ila kuna jambo ambalo nilichelewa kulielewa, nalo ndilo lililonifanya niandike leo. Uamuzi wote unapokaa katika chumba kimoja, wanaofaidika ni wale wanaojua njia ya kufika katika chumba hicho. Mtoto ambaye baba yake ana namba ya simu ya Mkuu huhamishwa mkondo ndani ya siku moja. Mtoto ambaye mama yake huamka saa tisa usiku kwenda Feri kununua samaki wa kukaanga, na hurudi nyumbani giza limeingia, hana wa kumsemea isipokuwa mwalimu anayemwona kila siku, na mwalimu huyo hana mamlaka ya kumhamishia hata kwenye dawati la mbele kama darasa lina orodha ya kukaa iliyoidhinishwa. Ubaguzi wa namna hii hautokani na roho mbaya ya mtu yeyote. Unatokana na umbali kati ya anayemwona mtoto na anayeamua. Tukisema tunataka fursa kwa watoto wote, huo umbali ndio wa kuupunguza kwanza, kabla hata ya kuomba madarasa mapya.

Mabadiliko kwetu yaliletwa na mwalimu aliyehamia kutoka shule yenye kitengo cha elimu maalumu, mdogo kwa wengi wetu kiumri. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, tunayoyaita MEWAKA, yanataka walimu wa kila shule wakutane katika jumuiya ya kujifunza, na yetu ilikuwapo kwenye faili. Aliingia ofisini kwa Mkuu nikiwa nimekaa pale nasubiri ufunguo, akaamkia, akasema, "Mkuu, naomba usituongezee kazi. Tuongezee ruhusa."

"Ruhusa ya nini, mwanangu?"

"Ya mambo manne tu, Mama."

Mambo hayo yalikuwa kumhamisha mtoto kiti au mkondo, kumwita mzazi kwa simu bila barua, kumwelekeza mtoto kituo cha afya akiwa na mzazi wake, na kukitumia kipindi kimoja kwa wiki nje ya ratiba. Walimu wa darasa la tatu, wa asubuhi na wa mchana, wangekutana Alhamisi saa sita na nusu kwa dakika arobaini, muda ule awamu moja inapotoka na nyingine inapoingia, na kiongozi wa kikao angebadilika kila wiki kwa kufuata orodha. Kila uamuzi ungeandikwa kwenye daftari ambalo lingekuwa mezani kwa Mkuu Ijumaa asubuhi. Mkuu angeweza kuutengua wowote, lakini kwa kuandika sababu chini yake. Sharti hilo la mwisho aliliweka Mkuu mwenyewe, tena kwa kufikiri sana, na mpaka leo naliona kuwa ndilo lililomtoa hofu, kwa kuwa alibaki na neno la mwisho pasipo kulazimika kuwa na neno la kwanza.

Mtoto wa kwanza kuzungumzwa alikuwa huyo wa filimbi. Mwalimu wa michezo alieleza lake, wa Hisabati akaeleza lake, nami nikaitoa ile imla. Chumba kilinyamaza kwa muda ambao sitausahau. Mama yake alipigiwa simu palepale, akaja Jumatatu akiwa bado ana harufu ya samaki, akasema mtoto amekuwa akitoka usaha sikioni tangu akiwa mdogo na kwamba alidhani ni jambo la kupita. Kituo cha afya kilimpa rufaa, na kwenye hospitali walikuta ngoma ya sikio la kushoto imetoboka. Alitibiwa, akahamishiwa dawati la mbele upande ambao sikio lake zima linamwelekea mwalimu, na mwalimu wa michezo akaanza kuinua kitambaa chekundu pamoja na kupuliza filimbi. Mwaka uliofuata alifanya Upimaji wa Kitaifa wa darasa la nne. Hakuwa wa kwanza wala hakuwa wa mwisho, na mama yake alituletea samaki.

Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa mwaka 2021/22 hadi 2025/26 unasisitiza kuwabaini mapema watoto wenye mahitaji maalumu. Kumbaini mtoto kama huyu hakukuhitaji kifaa cha gharama; kulihitaji watu saba kukaa chumba kimoja wakiwa na ruhusa ya kufanya jambo baada ya kusema.

Yapo yaliyotushinda, na si madogo. Kundi la walimu wa darasa la sita, lililokuwa na vikao kama vyetu, lilikufa kabla ya muhula kwisha, kwa sababu mwenzetu mmoja mzoefu, mwenye nia njema kabisa, aliongoza kikao cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu, na walimu vijana wakaona kwamba wamepata mkuu wa pili badala ya kupata sauti. Heshima yetu kwa wakubwa ni nzuri, lakini ndani ya kikao hugeuka kifuniko, hivyo sasa aliye mdogo kiumri ndiye husema kwanza. Jingine ni la aibu zaidi. Siku moja nilipekua daftari nikakuta kwamba katika vikao tisa, muhtasari uliandikwa na wanawake mara nane, na chai, bila kuandikwa popote, iliandaliwa na hao hao mara tisa. Nilipolisema kikaoni watu walicheka. Wiki iliyofuata mwalimu wa nidhamu ndiye aliyechemsha chai, na ilikuwa mbaya sana.

Lipo pia suala la muda, ambalo mafunzo mengi hulipita kana kwamba walimu wanaishi shuleni. Wenzangu wanapanda magari mawili kufika kazini, na wengine wana genge au kuku wa kuangalia ili mwezi uishe salama. Dakika arobaini zisizolipwa ni kitu mtu anatoa mfukoni mwake. Maoni yangu ni kwamba kama madaraka yanagawanywa, posho nayo ijadiliwe, na anayesema kwamba moyo wa wito unatosha aanze kwa kutoa yake.

Kuhusu sekondari sina uzoefu wa kutosha, ila rafiki yangu anayefundisha Temeke hunikumbusha kwamba serikali ilipotangaza Novemba 2021 kuwa wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito wanaweza kurudi katika shule za kawaida, mlango ulifunguliwa kwa waraka, lakini msichana wa kwanza kurudi shuleni kwake alibaki kwa sababu mwalimu mlezi na walimu wawili wa masomo waliamua wenyewe nani atamfundisha vipindi alivyokosa na saa ngapi. Kama wangesubiri kikao cha bodi, anasema, angekuwa amekata tamaa.

Mtoto wetu wa filimbi yumo katika kundi ambalo litatupa kazi kubwa. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 ndio walioanza na mtaala mpya kwa ngazi yao, nao watamaliza elimu ya msingi katika darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia watamaliza darasa la saba kwa utaratibu wa zamani. Madarasa mawili yatatoka pamoja. Nani apewe vyumba, nani afundishe masomo ya ziada, ni watoto gani wako nyuma na wamebakiwa na muda mfupi kuliko walivyodhani, hayo hayawezi kupangwa na mtu mmoja aliye nusu ya wiki yake kwenye vikao vya halmashauri, na Mkuu mwenyewe ndiye aliyetuambia hivyo, akiweka nakala mbili za ufunguo wa stoo juu ya meza.

Alhamisi ijayo tunalianza suala hilo. Zamu ya kuongoza ni ya mwalimu wa kujitolea anayefundisha darasa la kwanza, ambaye kwa kanuni haruhusiwi kuweka saini kwenye hati yoyote ya shule, na tumekuwa tukibishana kama jina lake liandikwe kwenye daftari la maamuzi. Mimi nimesema liandikwe. Mkuu ameomba kuhudhuria, akauliza akae wapi, tukamjibu kwamba aje kama mwalimu wa Hisabati wa darasa la saba na akae popote penye nafasi.