Besi wa usiku na mfuniko wa sufuria

Aliyeniambia kwamba kuvua besi usiku, yule samaki mwindaji wa mdomo mpana, kunataka chambo kinachowaka gizani alikuwa na shehena ya vyambo vinavyowaka gizani vya kuuza. Duka liko mjini, sitalitaja, na muuzaji wake ana ulimi wa asali: "Kaka, besi huko chini haoni kitu, mmulikie." Nikatoa elfu mbili na ushee. Nikapewa kisamaki cha plastiki cha kijani, unakimulika na tochi kwanza, kisha kinawaka chenyewe. Juu ya hapo nikapewa ushauri wa bure, nao ndio ulionigharimu zaidi: kivute mbio, kigeuzegeuze, na ukisikia maji yamelipuka, vuta fimbo kwa nguvu zako zote.

Basi nikavuta. Besi walilipuka kweli, nawasikia chubwi! hapa, chubwi! pale, na kila nikivuta kwa nguvu zangu zote kile kisamaki kinachomoka majini na kuja kasi kikinipita sikioni, ndoana sita za kijani zinaruka gizani kutafuta shavu la mtu. Mara ya mwisho kilienda kunasa kwenye mti wa kahawa nyuma yangu, kikabaki huko kinawaka. Soja wa shamba, mzee anayevaa koti zito hata Januari, alicheka mpaka akachuchumaa. "Kijana, unavua samaki ama unawinda popo?"

Niseme kwa nini navua usiku, maana wengi hudhani ni ujuaji. Mimi kazi yangu iko Industrial Area, natoka saa kumi na moja, na mwaka mzima jua la Nairobi huwa limezama kabla ya saa moja. Nikimaliza foleni ya Thika Road na kufika kwenye bwawa la shamba fulani la kahawa upande wa Kiambu, giza limeshatanda. Meneja aliniruhusu kwa masharti mawili: nimpigie soja kabla ya kuja, na besi warudishwe majini. Naivasha ndiko kwenye sifa, kwa sababu huko ndiko besi hawa wa kutoka Marekani walikopandikizwa mwaka 1929, lakini ziwa lile usiku lina viboko wanaotoka kula nyasi ukingoni. Anayetaka kusimama gizani kati ya kiboko na maji, aende. Mimi nina watoto.

Sasa tuje kwenye chambo. Usiku besi hutegemea sana mstari wa ubavuni, ule mshono unaokimbia kutoka kwenye shavu hadi mkiani, ambao unahisi mtikisiko wa maji. Anasikia kitu kinapita juu, anakisogelea kutoka chini, na hapo mwishoni ndipo anapotazama: anaona kivuli kwenye anga. Anga ya usiku, hata bila mwezi, ina weupe kidogo kuliko maji. Kwa hiyo rangi ya usiku ni nyeusi, nyeusi tii, na mambo ya kung'aa ni ya kumvutia mvuvi dukani. Halafu kelele iwe ile ile na mwendo uwe ule ule, ili samaki apige hesabu na kukifikia. Chambo cha kuyumbayumba kama Zara Spook nakipenda jioni wakati bado kuna mwanga, au mbalamwezi ikiwa kali, lakini kwenye giza la kweli unamkosesha shabaha bure.

Chambo chenyewe kilichotengenezwa kwa kazi hii ni cha Wamarekani, Jitterbug ya Arbogast: kigogo kifupi chenye mdomo mpana wa bati mbele, kinachojirusha kushoto na kulia kikipiga maji. Niliangalia bei yake pamoja na usafiri na ushuru, nikazima simu. Nikaenda Kamukunji, kwa mafundi wa bati wa Nairobi.

Hapa naomba nijisifu. Nilichukua mpini wa ufagio uliovunjika, nikakata kipande cha kama sentimita saba, nikakipiga msasa mpaka kikawa duara kichwani na chembamba nyuma. Mdomo nilimpelekea fundi wa masanduku pale jua kali, nikiwa na mfuniko wa sufuria uliopinda. Nilitaka kipande cha upana wa sentimita nne na nusu hivi chenye vibonde viwili ubavu kwa ubavu. Fundi akakigeuza, akanitazama. "Hii ni ya mtambo gani?" Ya samaki, nikamwambia. Akaweka alumini juu ya gogo, akagonga vile vibonde kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, taratibu, kwa umakini ambao sijawahi kuuona akiupa sanduku la mtu. Mia mbili.

Kujaribu kukawa shughuli. Kwenye ploti yetu kuna dramu lililopasuliwa kwa urefu ambalo mafundi wa ujenzi waliliacha uani, nikalijaza maji, watoto wakajaa. Nikavuta. Chambo kikalala chali. "Anko, boti yako imekufa." Nikakunja mdomo nyuma kidogo, kikazama. Nikakunja mbele, kikaviringika kama kilivyotaka. Msimamizi wa ploti akaja kuuliza ni nani anachezea maji na bili ya mwezi jana bado inabishaniwa. Nilichogundua, na hiki hukuti mtu akikwambia, ni kwamba dawa haiko kwenye mdomo peke yake. Iko tumboni. Nilitoa ndoana ndogo ya pembe tatu niliyokuwa nimefunga mbele, nikaweka nzito zaidi, kichwa kikatulia na tumbo likabaki chini. Kisha mdomo nikaukunja nyuzi chache tu. Nikavuta polepole: plop, plop, plop, sauti ya mtoto anayekunywa uji kwa pupa. Watoto wakapiga makofi. Msimamizi naye akataka kuvuta mara moja.

Rangi nyeusi nilipuliziwa gereji na jamaa aliyekuwa anapaka bampa ya matatu. Hakutaka hela, alitaka kujua kama besi analiwa. Analiwa, na ni mtamu.

Usiku hutupi katikati ya bwawa. Samaki husogea ukingoni kuwinda vyura na visamaki, kwa hiyo nasimama kwenye kona na kutupa sambamba na majani, umbali wa hatua moja au mbili kutoka kwayo. Utaipima vipi gizani? Kwa kwenda mchana ukahesabu mizunguko ya rili kutoka kwenye gogo fulani hadi kwenye jiwe fulani. Chambo kikitua, kiache kwanza mawimbi yaishe. Kisha zungusha taratibu mno, taratibu kuliko unavyodhani ni taratibu, ule mwendo wa chini kabisa ambao bado unatoa sauti. Usibadilishe. Sauti ikikatika ujue umenasa jani, rudisha, hakuna besi anayetaka jani.

Mshipi uwe wa nailoni ya kawaida, ratili 15 hivi, maana huzama taratibu mno. Ile florokaboni ya bei ghali huzama upesi zaidi na kuvuta pua ya chambo chini.

Na sasa lile jambo la kuvuta fimbo. Besi hafungi meno kwenye chambo cha juu, anafungua mdomo na kuvuta maji pamoja na kilichomo. Mara nyingi anakosa. Ukivuta kwa sababu umesikia mlipuko, umemnyang'anya chakula ambacho bado hajakipata. Ukiendelea kuzungusha kama hukusikia kitu, anageuka na kurudi. Vuta pale tu mkono unapohisi uzito. Kusema ni rahisi, mwili haukubali, mlipuko ule unamshtua mtu hadi kwenye magoti. Dawa yangu ni kufumba macho. Gizani kuna faida gani kukodoa? Nikifumba, masikio yanabaki na plop plop na kidole kinabaki kwenye mshipi.

Huyo mkubwa alinijia hivyo hivyo. Plop, plop, chubwi! Nikazungusha. Plop. Plop. Halafu sauti ikatoweka kabisa, bila mlipuko wowote, na mshipi ukaanza kuondoka kuelekea kwenye majani pole pole mithili ya mtu anayejua kwake. Hapo ndipo nilipovuta. Alitoka majini mara mbili, namsikia akitikisa kichwa, ndoana zinagongana na ule mdomo wa alumini kengele kengele, soja anapiga kelele "Usilegeze! Usilegeze!" kana kwamba mimi ndiye niliyepanga kulegeza. Nilimshika mdomo wa chini kwa kidole gumba, vijino vyake vidogo vikanichubua ngozi. Mizani ya mzee ilisema kilo moja na nusu, lakini mizani hiyo ni ya kuuzia maparachichi, toa kidogo. Akarudi majini.

Ndoana zangu zote nimezibana miiba kwa koleo, na koleo lenyewe linaning'inia shingoni, kwa sababu kutafuta koleo gizani huku samaki anarukaruka na ndoana ya pili iko huru ni njia ya kwenda kudungwa sindano ya pepopunda. Vaa miwani isiyo na rangi. Taa ya kichwani iwe nyekundu na usiielekeze majini, maana macho yanahitaji karibu nusu saa kuzoea giza na tochi nyeupe moja inayarudisha mwanzo. Upepo ukiwa mkali, plop haisikiki, funga chambo cha waya chenye propela, kile kinachoitwa buzzbait, ila hicho hakisimami: ukiacha kuzungusha kinazama. Juni hadi Agosti, baridi ile ya Kiambu ikiingia, mimi hubaki nyumbani. Wapo wanaosema huwapata, wanitumie picha.

Vyambo viwili vya mfuniko vimeshabaki kwenye matawi, na fundi wa Kamukunji sasa anataka mia nne kwa mdomo mmoja, anadai alumini imepanda ingawa mfuniko huwa nabeba mwenyewe. Tutaelewana kwa mia tatu. Soja naye ameagiza chake, kwa sharti kiwe kikubwa kuliko changu.