Ramadhani 29, Malindi

Mchana wa Ramadhani 29, ofisi ya tiketi za boti niliyokuwa nikiifanyia kazi Malindi, bandarini Unguja, ilijaa watu wanaorudi Pemba. Mwezi ukionekana usiku, kesho Sikukuu, na boti ya asubuhi ya Mkoani ndiyo kila mtu aliyokuwa akiigombania. Kompyuta za madirishani zikaanza kuzubaa. Tiketi moja dakika tatu, halafu tano.

Nikaingia kwenye seva, kompyuta inayoendesha PostgreSQL, hifadhidata yetu ya tiketi. Koa zote nne za prosesa zimeelemewa, na pg_stat_activity, orodha ya kazi zinazoendelea, inanionesha kweri (maombi kwa hifadhidata) nne za aina moja, ya kwanza ina dakika 38. Nikaijua pale pale: ripoti yangu ya majina. Kwetu mtu mmoja huandikwa Khamis leo, Hamis kesho, Hamisi safari nyengine, kwa hiyo niliandika fankisheni, kipande cha programu kwa lugha ya C, inayolinganisha kila jina na majina yote kutafuta yanayofanana. Kwa majina 40,000, kila jozi mara moja, hiyo ni milinganisho karibu milioni 800. Karani aliibonyeza ripoti, akaona kimya, akafunga ukurasa, akafungua, akabonyeza tena. Mara nne. Kufunga ukurasa hakukuiambia seva chochote.

Kilichonitia baridi ni kwamba nilikuwa nimeweka statement_timeout, ukomo wa muda wa kweri, ya sekunde 60, na nilikuwa nikilala usingizi kwa kuitegemea. Nikatuma pg_cancel_backend, amri ya kusitisha kweri. Ikajibu "t", yaani ishara imetumwa. Kweri haikutetereka. Nikatuma pg_terminate_backend, ya kukata muunganisho mzima, "t" tena, na dakika zinahesabu.

Hapo ndipo nilipoelewa. PostgreSQL haikati kazi popote inapoikuta. Anayesitisha, hata saa ya ukomo yenyewe, huacha alama tu. Kazi ndiyo inayopaswa kufika mahali salama, itazame kama kuna alama, kisha ijiondoe. Msimbo wa PostgreSQL una vituo vya namna hiyo kila mahali. Kitanzi changu hakikuwa na hata kimoja. Niliandika kazi isiyo na masikio.

"Mwanangu," mzee mmoja akaniita kupitia tundu la dirisha, kashika mkono wa mjukuu wake, "tungoje, au twende tukafuturu turudi?"

"Ningojee kidogo, babu. Nakuomba."

Ilibaki kill -9, amri ya kuua mchakato kwa nguvu papo hapo, na kwa PostgreSQL hiyo haiishii kwenye mchakato mmoja: seva hutupa miunganisho yote na kujirejesha kutoka kwenye kumbukumbu za mabadiliko ilizoandika diskini. Nikapita dirisha kwa dirisha nikiwaomba makarani wamalize tiketi iliyo mkononi, wasianze nyengine. Walipoinua mikono wote, nikabonyeza. Seva ikazima, ikarudi. Mzee akapata tiketi zake tatu kabla ya adhana ya Magharibi.

Baada ya futari nikarudi ofisini. Ndani ya kitanzi nikaweka CHECK_FOR_INTERRUPTS, kile kituo cha kutazama alama, kila milinganisho 1,000. Ukurasa wa ripoti nikautilia kitufe cha Sitisha, kinachopeleka ombi kwa muunganisho mwengine, kwani ule wa kwanza umeshughulika na kweri.

Nikaendesha ripoti kwa majina yote 40,000, nikahesabu hadi kumi, nikabonyeza Sitisha. Ilikatika kabla sijaondoa kidole. Nikairudia bila kubonyeza kitu, macho kwenye saa. Sekunde ya 60 ikakatika yenyewe. Redioni wakatangaza mwezi umeonekana, nami nikaiendesha mara moja zaidi.