Boksi la sabufa kwenye IST: lita kumi nilizozisahau

Jumamosi ya kwanza

Leo nimelitoa boksi la zamani la sabufa, yaani spika kubwa ya besi, kwenye IST yangu, gari langu dogo la Toyota. Nimekaa nalo miaka miwili kwenye buti, boksi la kununua tayari, na kila nikiweka muziki wa dansi naumia moyo. Gitaa la besi linapiga noti nne tofauti, sabufa inatoa moja tu: buu, buu, buu, buu. Aliyenifungua masikio ni mjomba wangu, ambaye ujana wake wote alipiga besi kwenye bendi ya mtaani. Tulikuwa kwenye foleni ya Tazara, akainamisha kichwa akasikiliza, kisha akasema, "Mjomba, huyu mpigaji anatembea, ila spika yako imesimama."

Basi shabaha ya mradi ndiyo hiyo. Uzi mnene kuliko yote wa gitaa la besi, ile E, ukipigwa wazi unatoa Hz 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. A ni 55, D ni 73, G ni 98. Nataka kuzisikia zote nne, kila moja na sauti yake, nikiwa naendesha vioo vikiwa vimeshushwa. Habari ya vioo naisisitiza kwa sababu inageuza hesabu nzima.

Sabufa yenyewe ni nzima, sibadilishi. Ni ya inchi 12, omu 4, na karatasi yake ya vipimo bado ninayo: Fs 29 Hz, Qts 0.48, Qes 0.53, Vas lita 62. Fs ni masafa ambayo spika hutikisika yenyewe ikiwa nje ya boksi, Qts na Qes zinaonyesha mtikisiko huo unavyozuiwa (Qes ni kwa sumaku na koili peke yake, Qts ni kwa jumla), na Vas ni kiasi cha hewa chenye ulaini sawa na wa kishikizo cha karatasi ya spika. Hivi ndivyo vipimo vya Thiele na Small. Neville Thiele alikuwa mhandisi wa Australia, aliandika kazi yake mwaka 1961, na Richard Small akaiendeleza miaka ya mwanzo ya 1970. Kabla yao mtu alijenga boksi, akasikiliza, akalibomoa, akajenga tena. Ukiuziwa spika bila vipimo hivi unarudi kwenye maisha hayo, kwa hiyo dai karatasi kabla hujatoa hela.

Jumatatu usiku

Nimeshinda na swali moja: boksi la kuziba kabisa au lenye bomba la kupitisha hewa nje?

Kuna njia ya haraka: gawanya Fs kwa Qes. Jibu likiwa chini ya 50, spika inataka kuzibwa. Likikaribia 100, inataka bomba. Yangu inatoa karibu 55, yaani inaenda kote kote, uamuzi unabaki kwangu.

Boksi la kuziba la lita 30 lingenipa Qtc (Qts ya spika ikiwa ndani ya boksi) ya 0.84 na mnguruno wa boksi kwenye Hz 51. Besi yake ni safi, inakata haraka, na chini ya hapo sauti inashuka taratibu. Ndani ya gari lililofungwa vioo, huo mteremko si tatizo, maana chumba kidogo cha gari chenyewe kinainua sauti za chini. Watu wengi wanaolisifu boksi la kuziba wanasaidiwa na gari bila kujua. Mimi AC yangu ilikufa zamani, na Dar mwezi wa pili hakuna anayefunga vioo bila AC. Ukishusha vioo, msaada huo unapungua sana. Tena amplifaya yangu ni ya wati 300, sina nguvu ya kupoteza.

Nimeamua bomba. Lita 58, tuni Hz 34, yaani masafa ambayo hewa ya bomba na boksi hutetemeka yenyewe. Kwa nini 34? Iko chini ya E ya mjomba, hivyo noti zote za gitaa zinakaa juu ya tuni, na haijashuka mno hata bomba likawa refu kupita boksi.

Jumamosi ya pili

Nimekatiwa mbao Keko, plaiwudi ya milimita 18 ya kuhimili maji. Fundi alinishauri MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, na kweli MDF ni nzito na imetulia, ila kwa unyevu wa pwani nimeona mabuti mawili ambamo ilivimba pembeni kama mkate uliolowa. Vipimo vya nje ni sentimita 56 kwa 40 kwa 34. Ndani ni 52.4 kwa 36.4 kwa 30.4, sawasawa na lita 58.

Upande wa mbele nimeweka mbao mbili, moja nyuma ya nyingine, ili sabufa isitikise ubao. Katikati nimepitisha mihimili miwili. Gundi ya mbao kila mshono, skrubu kila sentimita 10, na silikoni kwenye kona zote za ndani. Bomba ni lile la maji taka la inchi 4, upana wa ndani sentimita 10.4. Hesabu ilinipa urefu wa sentimita 30.4. Limetokea ubavuni na kulala nyuma ya sumaku.

Jumapili

Limepiga. Lina nguvu, kioo cha nyuma kinatetemeka. Ila noti A na zile za jirani yake zinajaa mno, na E bado imejificha. Sikufurahi.

Jumanne

Nimeacha kubahatisha, nikapima. Nimeunga rezista ya omu 100 kwa mfululizo na sabufa, simu inatoa mlio mmoja mmoja kupitia amplifaya kwa sauti ndogo, multimita inasoma volti kwenye miguu ya sabufa. Nikaanza Hz 15 kupanda moja moja. Kwenye boksi lenye bomba volti hupanda na kushuka, vilima viwili na bonde katikati, na chini kabisa ya bonde ndipo tuni ilipo. Kilima cha kwanza kilikuwa 20, cha pili 54. Bonde: 37.

Nilitaka 34, nimepata 37. Nikarudia mara tatu, 37.

Nikaitoa rezista, nikaongeza sauti kidogo nione kwa macho. Kwenye Hz 50 karatasi ya sabufa inacheza waziwazi. Nikashuka taratibu, na kwenye 37 ikakaribia kusimama, unaweza kusema spika imezimwa. Lakini risiti ya mafuta niliyoishika mbele ya bomba ilikuwa inapigapiga mpaka ikanitoka mkononi. Hapo kazi yote inafanywa na hewa ya bomba. Nilikaa nyuma ya gari nusu saa nzima nikiangalia hilo tu.

Jumatano

Kosa nimelipata, na chupa ya soda inatosha kulieleza. Puliza mdomo wa chupa tupu, inatoa mlio mzito. Itie maji nusu, puliza tena, mlio unapanda, kwa sababu hewa ya ndani imepungua. Boksi ni chupa hiyo hiyo na bomba ni shingo yake. Mimi nilipiga hesabu kwa lita 58 kama vile ndani hamna kitu. Ubao wa pili wa mbele umekula lita 3.4, sabufa yenyewe kama 2.5, mihimili 1.5, bomba 2.7. Jumla lita 10.1! Hewa iliyobaki ni kama lita 48, na kwa bomba lile lile lita 48 zinatoa Hz 37 na ushee. Multimita ilikuwa inasema kweli.

Anayejenga boksi aanze na lita za hewa anazozitaka, halafu aongeze juu yake kila kitakachoingia ndani, na ndipo akate mbao.

Jumamosi ya tatu

Sikuvunja boksi. Bomba refu zaidi linashusha tuni, nalo linakula hewa yake, kwa hiyo nimehesabu kwa lita 47: sentimita 39.3. Nimekata 40, kwa sababu nilitaka kupanua midomo.

Hili la midomo lilinisumbua tangu Jumapili. Kwenye noti za chini hewa ilikuwa inahema, fuu, fuu, kama mtu anayepuliza chai, kwa vile inakatwa na ukingo mkali wa bomba. Nimetoa jiko la mkaa nje, kwenye upepo (moshi wa PVC si wa kuvuta), nikazungusha ncha ya bomba juu ya joto, mbali na moto, mpaka ikawa laini kama ngozi. Kisha nikaikandamiza juu ya kitako cha bakuli la chuma na kuimwagia maji. Mdomo umefunguka kama tarumbeta. Bomba la kwanza niliunguza, la pili limetoka zuri pande zote mbili.

Nimepima tena: kilima kimoja 19, kingine 52 na nusu, bonde 34.

Jumapili

Mipangilio ya amplifaya haikuchukua muda. Kichujio cha juu, kinachozuia sauti zilizo juu yake, Hz 80. Cha chini kabisa, kinachozuia zilizo chini yake, Hz 28, na hiki usikiache wazi, kwani chini ya tuni hewa ya boksi haiishiki tena karatasi ya spika, inaweza kurukaruka hadi koili igonge. Nguvu nimeipima bila spika: wati 300 kwenye omu 4 ni volti 34.6, nikasimama hapo. Fyuzi iko jirani na betri kama mwanzo.

Jioni nimempitia mjomba. Sikumwambia lolote, nimeweka wimbo ule ule wa foleni, vioo chini. Hakusema kitu mpaka tulipofika Buguruni. Nilipomtupia jicho, vidole vyake vya kushoto vilikuwa vinatembea juu ya paja, vinafuata noti moja baada ya nyingine, na kwenye E kidole cha kati kilikuwa kinatulia.

Kimebaki kibao cha namba cha nyuma, kinapiga kelele kwenye Hz 45 hivi. Kesho nakiwekea mpira.