Kufuli la chumba cha mwisho

Jana fundi alipomaliza mlango wa stoo alilijaribu kufuli jipya mara mbili. Ta! Ta! Nikajikuta nimeficha mikono mfukoni, kama mwizi aliyeitwa jina.

Ni ule mlio. Wodi ya kifua kikuu, chumba cha mwisho, mimi muuguzi wa mwaka wa pili kazini, ufunguo shingoni. Mzee alikuwa na kifua kikuu sugu, alishatoroka mara moja, na amri ikaja kwa simu: afungiwe. Karatasi tuliambiwa itafuata. Haikufuata.

Jioni ya kwanza nikampelekea dawa. Akavimimina vidonge kiganjani, akavihesabu kwa kidole, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Sista, hivi vinatibu kifua au vinatibu miguu?" Nikacheka ndani ya barakoa. Yeye hakucheka. Akameza kimoja kimoja, maji yakimtiririka kidevuni, na alipomaliza akafungua kinywa, akainua ulimi nione kwamba hakubakiza kitu. Sikuwa nimemwambia afanye hivyo. Mtu wa rika la baba yangu, kinywa wazi mbele yangu kama mtoto anayekaguliwa meno. "Asante, baba," nikasema, nikatoka, nikapiga kufuli. Kikohozi kikasikika ndani, halafu kimya, halafu sauti: "Ulale salama, mwanangu."

Kwenye faili, palipoulizwa anaishi na nani, alikuwa amejibu: peke yangu.

Siku ya tatu ndipo aliponiambia yuko mjukuu, miaka minne, ameachwa kwa jirani. Siku ile mzee alipotoroka, alikuwa anamfuata mtoto huyo. "Nilidhani mkimjua mtamleta naye humu," akasema, akitazama mlango, si mimi. Sasa, anayefanya kazi hii anajua: mtoto wa chini ya miaka 5 aliyelala chumba kimoja na mgonjwa ndiye wa kwanza kutafutwa. Sisi tulikuwa tumemfungia nje bila kujua kwamba yupo. Mtoto alipopimwa, alikuwa na ugonjwa.

Miaka mingi baadaye nilisoma Kanuni za Siracusa za 1984, kanuni za kimataifa zinazosema ni lini serikali inaweza kubana haki za mtu. Zinaruhusu kumzuia mtu kwa ajili ya afya ya wengine, ila kwa mujibu wa sheria, kwa lazima ya kweli, na pasipo njia nyingine iliyo nyepesi zaidi. Njia nyepesi kwetu ilikuwa kumuuliza amemwacha nani nyumbani. Tulimuuliza, tena kwa fomu, mlango ukiwa umeshafungwa. Jonathan Mann, aliyeongoza mpango wa UKIMWI wa Shirika la Afya Duniani hadi 1990, alishasema sana kwamba ukiwabagua wagonjwa watajificha. Mimi nilihitaji mzee mmoja na kufuli ndipo nielewe.

Mzee alipona, na mtoto pia. Ningependa kuishia hapo.

Lakini siku aliyotoroka alipanda basi. Alinisimulia mwenyewe: mvua ilikuwa inanyesha, madirisha yote yamefungwa, na yeye akakohoa njia nzima huku mama mmoja akimpa leso. Tuliwatafuta abiria wale. Hatukumpata hata mmoja.