Wiki mbili bila dada wa kazi, na mama ana kiharusi

Dada yetu wa kazi aliaga anaenda kwao Kongwa kuvuna, wiki mbili, na ni haki yake maana mwaka mzima hajatia mguu kwao. Mimi kazini Mtumba, nyumba ipo Ilazo, hapa Dodoma, na mama alipata kiharusi mwaka jana, mkono na mguu wa kulia haviendi kabisa. Kila niliyemuuliza akaniambia tafuta dalali, utapata msichana leo leo. Huo ushauri bado unaniuma.

Dalali akala elfu thelathini yangu akaleta binti wa watu, mpole, ila kumbe aliambiwa anakuja kulea mtoto! Siku ya kwanza kampa mama chai akiwa amelala chali, mama akapaliwa mpaka machozi yakamtoka. Mgonjwa wa kiharusi anayepaliwa unamkalisha wima kwanza, uji uwe mzito, unampa kidogo kidogo, na akimaliza anabaki amekaa kama nusu saa. Halafu mama tangu augue Kiswahili kimempotea, kimebaki Kigogo tu. Kaomba maji, binti kamletea blanketi, kaomba tena, kafunikwa tena. Nimerudi jioni nakuta midomo imemkauka. Siku ya tatu binti akaondoka, simlaumu, ila hela yangu dalali hakurudisha hadi leo.

Ndo nikakaa nikawaza, usiku mimi nipo, kwa hiyo ninayemtaka ni mtu wa mchana tu, mtu mzima, na ajue Kigogo. Nikaenda sokoni Majengo kwa wale kina mama wanaouza mlenda mkavu, nikawaeleza shida yangu wazi wazi. Mmoja akasema ana wifi yake Nzuguni amemuuguza mama mkwe miaka minne. Kesho yake asubuhi kaja, kabla hata hajavua viatu akasalimia mlangoni kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" Mama akageuza shingo, akacheka kwa ule upande mmoja wa mdomo, akaitikia. Nilienda jikoni nikalia.

Tulielewana kama elfu nane kwa siku, nauli na chakula juu yangu. Kazi yake mgonjwa tu, nguo nilimtafutia mtu mwingine wa kufua, usimrundikie mtu kila kitu. Na kumgeuza kila baada ya masaa mawili ili asipate vidonda, hapo tulikuwa tunasahau zamu, nikatafuta kitambaa chekundu nikakifunga kwenye chaga za kitanda upande anaoangalia mama. Ukimgeuza unakihamisha, na saa unaandika kwenye daftari. Hata jirani akiingia kumsalimia anajua alilalia wapi mara ya mwisho. Wiki mbili mgongo wa mama haukuchubuka hata kidogo!

Kama una dada anayeondoka, mpya aje siku mbili kabla, wafanye kazi pamoja, mimi hilo sikulifanya.

Jumamosi moja yule mama akaniambia nenda kalale mwanangu, nipo. Nililala toka saa sita mpaka jua linazama. Dada alisharudi zamani, lakini Jumamosi yule mama bado anakuja, dada anaenda zake kusuka, mimi nalala, na chumbani nasikia wanaongea Kigogo.